Mkate Uliopungukiwa na Moja

Huko Fesi kila nyumba hutia alama kwenye mkate wake kabla ya kuupeleka katika tanuri la mtaa. Mwalimu Yeddir, ambaye hakuwa amesemezana na rafiki yake Maimun mwaka mzima, aliandika juu ya mkate wake 17,296, akampelekea. Vigawanyo vya namba hiyo, yaani namba zinazoigawa bila baki, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa huzaa 18,416; na vya 18,416 huzaa 17,296. Wanahesabu huziita marafiki. Maimun akijibu kwa ile ya pili, atakuwa amesamehe.

Tangu asubuhi Yeddir alielea ndani ya namba hizo, kama asikiaye maji usingizini. Alasiri ukaja mkate wa Maimun, ungali moto: 18,415.

Yeddir akausahau ugomvi. Alivuka mtaa, mkate kwapani, akabisha hodi.

“Mzee mzima umeisahau moja, kigawanyo cha kila namba?”

“Sikuisahau,” alijibu Maimun, akimpisha mlangoni. “Ningeandika sawasawa, mkaidi wewe, ungeitikia kwa kichwa ukabaki kwako. Kosa la hesabu huwezi kulivumilia. Ingia, supu inapoa.”

Wakaumega mkate, wakianzia kwenye ile tano.