Kimto Ndani ya Usukani

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, ni muuza mapazia. Kwenye mapazia simsemi: ana duka, ana wateja, na ukimpa kipimo cha dirisha hakosei. Hapo ndipo sifa zake zinapoishia. Balaa huanza akishika simu. Mtu huyu hutazama video ya dakika nne, na akiinuka kitini keshakuwa fundi bomba, daktari wa meno na mjenzi wa madaraja. Mimi humwita Profesa. Humwita hivyo usoni kwake, maana sina tabia ya kumsengenya mtu ninayeweza kumwambia mwenyewe.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Miaka ishirini na sita nimelala chali chini ya dashibodi za watu, nikirekebisha kazi zilizolipuliwa na wajuaji. Ukiniona nina hasira, ujue nimezipata kazini.

Jumamosi ile asubuhi wateja watatu walikuwa kwenye benchi la mbao pale gereji wakingoja zamu: dereva wa lori, mama mwenye duka la dawa, na mzee mmoja mstaafu ambaye gari lake halina ugonjwa wowote, anakuja kupiga soga tu. Profesa akaingia na gari la nyumbani kwao, akaliegesha pembeni, akashuka akitabasamu kwa woga.

"Habari za asubuhi, shemeji."

"Zilikuwa nzuri mpaka sasa hivi."

Benchi likacheka. Napenda benchi langu likicheka, siwezi kukataa.

"Kuna taa inawaka," akasema. "Ile nyekundu, ya mtu amekaa na duara mbele ya tumbo."

"Huyo mtu ni dereva, Profesa, na hilo duara ni eabegi. Umeona? Leo umejifunza kitu bila kutumia bando."

Kwa asiyejua: ndani ya kifuniko cha usukani, pale unapobonyeza honi, kuna mfuko umekunjwa. Gari likigonga, mfuko ule hufumuka kwa kishindo na kumpokea dereva kifua na uso kabla havijafika kwenye usukani. Taa ile ikiwaka na isizime, gari linakwambia kwamba mfuko haliuoni, ukigonga usiutegemee. Basi. Haitaki tafsiri, haitaki video.

Nikainama nichungulie ndani, nikakutana na usukani nisioujua. Ulikuwa mweusi, mnene, umejaa vitufe vya kupunguzia sauti ya redio.

"Huu umetoka wapi?"

"Ule wa kwanza ngozi ilikuwa imebanduka. Huu nimeupata kwa wauza vipuri vilivyotumika. Una vitufe vya redio."

"Vitufe nimeviona. Nani aliubadilisha?"

"Mimi mwenyewe. Nilitaza..."

"Ulitazama video."

"Tatu," akasema, na ilionekana kabisa anadhani hiyo tatu inamsaidia.

Nikamuuliza kama alichomoa betri kabla ya kuanza. Akasema alichomoa, ila baadaye kidogo. Nikamuuliza kuhusu lile kasha la plastiki la nyuma ya usukani. Ndani yake kuna utepe mwembamba wa nyaya uliojiviringa, hujikunja na kujikunjua kila unapokata kona, na ndio unaopeleka umeme kwenye eabegi. Ukishatoa usukani, kasha lile huliachi likajizungukia ovyo. Hata kwenye video wanasema.

"Ulilizungusha?"

"Kidogo tu, shemeji. Nilikuwa naangalia kama linazunguka."

"Likazunguka?"

"Mwanzoni lilizunguka vizuri."

Dereva wa lori aliinamisha kichwa magotini akicheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama Profesa juu mpaka chini, nikajiuliza mama yetu alikubali vipi mtu huyu aingie kwetu.

"Taa iliwaka siku hiyo hiyo," akaendelea bila kuulizwa. "Tukalipeleka kwa fundi mmoja kule stendi, akaizima kwa robo saa. Tumekaa nalo miezi minne salama. Sasa juzi imewaka tena, na Jumatatu mwenzangu anaanza shule mpya."

Habari za uhamisho nilizisikia kwa mama. Dada yangu ni mwalimu, na shule aliyopelekwa ni kilomita arobaini kwenda, arobaini kurudi, kila siku, kwenye barabara kuu ambayo malori yanakimbizana kama yameiba kitu. Na nyuma atakuwa na wapwa zangu wawili, maana wanahamia shule hiyo hiyo. Yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga gereji kwangu zaidi ya mwaka. Nilidhani ni shughuli nyingi.

Nikachomeka mashine ya kupimia. Ikaniambia nilichokuwa nakijua: njia ya kwenda eabegi ya dereva imekatika. Nikachomoa betri, nikangoja dakika zinazotakiwa, nikafungua. Nyuma ya kasha nikakuta kazi ya huyo fundi wa stendi. Alikuwa amechomelea rezista, kidude kidogo kuliko punje ya mchele, akakizungushia tepu. Kazi ya kidude hicho ni kuidanganya kompyuta. Inahisi mwisho wa waya kuna kitu, inadhani ni eabegi, inazima taa na kutulia. Sasa ile risasi ya kuchomelea ilikuwa imeachia, na uongo ukaachia nao.

"Unaona hiki?" nikamwonyesha Profesa. "Huyu jamaa yenu hakutengeneza gari. Aliliziba mdomo."

"Sikujua, shemeji."

"Wewe hujui mangapi? Tuandike, au karatasi haitatosha?"

Nikashika kifuniko cha katikati nikitoe. Kikatoka chepesi, chepesi mno. Nikakigeuza. Kwenye mkunjo wa plastiki kulikuwa na ufa mrefu uliogundishwa na kupakwa rangi, kazi nadhifu ya tapeli. Kumbe usukani ule ulitoka kwenye gari lililogonga. Eabegi yake ilishafumuka siku nyingi, ikatolewa, kifuniko kikapambwa na kuuzwa kwa wapenda vitufe. Mahali pa eabegi palikuwa na kimto.

Nasema kimto. Kidogo, cha mviringo, cha kitambaa cha pazia rangi ya maziwa chenye maua ya bluu, kimejazwa pamba na kushonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo uliorudiwa mara mbili ili kisifumuke. Nilikishika nikapigwa na butwaa.

"Kulikuwa kunagonga," Profesa akasema kwa sauti ya chini. "Ndani palikuwa patupu, ukipita kwenye matuta panapiga kelele. Tukajaza."

"Nani kashona huu upuuzi?"

Akatazama sakafu. Akasema, "Mimi."

Hapo nikamtolea uvivu. Nikakinyanyua kile kimto juu, nikaligeukia benchi. "Jamani, njooni muone! Eabegi ya kwanza duniani iliyoshonwa kwa mkono! Na maua juu! Aliyeshona hiki, kichwa anacho cha kuvalia kofia tu. Ng'ombe ana akili kuliko yeye, ng'ombe angalau hashoni!"

Mzee mstaafu alicheka mpaka akakohoa. Dereva wa lori akaomba akishike, akakipitisha kwa mama wa duka la dawa. Mama yule hakucheka, alikigeuza mkononi, akakiweka juu ya sanduku langu la spana.

"Kama umemchoka dada yangu," nikamwambia Profesa, "mrudishe nyumbani. Chumba chake kipo. Humuweki mtu nyuma ya mto wa pamba ukamtuma kwenye malori na watoto wake. Unafahamu ulichofanya wewe? Unafahamu, au mpaka nikutumie kiungo cha video ubonyeze?"

Nilikuwa napiga kelele, na sikuwa na mzaha tena. Kila nikifumba macho nilimwona dada yangu, kifua chake kwenye ule usukani, na wapwa zangu nyuma wakimwita. Nilimchukia shemeji yangu wakati ule. Nilimchukia kabisa, kuanzia viatu vyake vilivyong'arishwa mpaka ile simu mfukoni.

Yeye alingoja mpaka nikaishiwa pumzi, ndipo akasema, "Usukani wa zamani uko kwenye buti. Na eabegi yake. Sikuitupa."

Kweli ulikuwepo, umeviringishwa kwenye kipande cha pazia kama mtoto mchanga. Nikaukagua kila upande, nikapima. Mzima. Ngozi imebanduka, ndiyo, lakini hakuna aliyewahi kufa kwa ngozi iliyobanduka.

"Nenda dukani ulete kasha la utepe," nikamwambia. "Jipya, si lililotumika. Na usilizungushe njiani kuangalia kama linazunguka."

Akaondoka kwa miguu kwenye jua. Alirudi baada ya saa nzima, shati limemganda mgongoni, amelibeba lile kasha kwa mikono miwili kama trei ya mayai. Benchi likacheka tena, naye akatabasamu nalo.

Nikafanya kazi inavyotakiwa kufanywa. Matairi nikayanyoosha yatazame mbele. Kasha likakaa katikati, pini yake ya kulizuia lisizunguke haijatolewa mpaka mwisho. Ile takataka ya rezista nikaikata, waya nikauunga upya. Usukani wa zamani ukarudi, plagi za njano zikaingia moja baada ya nyingine, kila moja nikiisikiliza mpaka ilie tiki. Betri ikarudi. Nikafuta kumbukumbu ya hitilafu kwa mashine, nikawasha swichi bila kuwasha injini.

Taa nyekundu ikawaka. Profesa akashika mlango.

"Tulia. Inajipima."

Tukahesabu. Sekunde ya sita ikazima, na safari hii ilizima kwa haki. Profesa akashusha pumzi ndefu, akafuta macho kwa kiganja, akasema anakwenda bombani kunawa mikono, mikono ambayo haikuwa imeshika kitu chochote kichafu.

Simu yangu ikaita. Dada.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umepotea wewe."

"Mume wangu yuko hapo?"

"Yupo. Gari lenu limepona. Ila huyo mumeo..."

"Nilimkataza asije," akanikata kauli.

"Asije wapi?"

"Kwako. Nilimwambia alipeleke kwa fundi yeyote mji mzima, ila kwako hapana. Akasema kwa barabara ile hamwamini fundi mwingine kunishikia usukani."

Nikaondoka karibu na benchi, nikasimama nyuma ya gari. "Kwa nini umkataze? Mimi si kaka yako?"

"Unakumbuka nilipokuja na breki ya mkono imeungua?"

Nikacheka. Kisa kile nakisimulia hadi leo. "Nakumbuka! Benchi zima lilikuwa..."

"Benchi zima. Wewe ndiye uliyewaita waje wanione. 'Mwalimu anaendesha gari limefungwa breki,' ulisema. Wanangu walikuwa wamenishika sketi. Nililia mpaka nyumbani, kaka, nikaapa sirudi hapo. Taa ya usukani ilipowaka, mume wangu alitaka kuja kwako siku ile ile. Mimi ndiye niliyesema twende stendi. Palipoanza kugonga, mimi ndiye niliyekaa nikashona kimto, ili tusiwe na haja ya kukuuliza."

Nikauegemea mlango wa buti.

"Nilijua taa ile si ya mchezo," akasema. "Sikuwa mjinga. Lakini nikilikumbuka lile benchi, naona afadhali taa."

Nilitaka kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndivyo nilivyo, mdomo tu, moyoni sina kitu. Maneno hayo nimeyasema maisha yangu yote, na safari hii hayakutoka. Miezi minne dada yangu ameendesha gari lile na watoto nyuma, na fundi yupo, kaka yake wa damu, mtaa wa tatu.

"Kaka, umemtukana?"

"Nani?"

"Mume wangu. Umemtukana mbele za watu?"

Profesa alikuwa anarudi kutoka bombani, anajikausha mikono kwenye suruali. Kimto kilikuwa bado pale juu ya sanduku la spana, na grisi ya vidole vyangu juu ya maua.

"Hapana," nikasema.

"Mpe simu."

Nikampa. Akasikiliza kwa muda mrefu, ananitazama mimi, na mimi nikajua sasa nimekwisha, na ninastahili.

"Hapana, mama watoto," akasema. "Wala. Hajaniambia neno baya hata moja. Kanipokea vizuri sana, kaacha kazi za watu akatushughulikia sisi kwanza. Muulize hata nani hapa." Akageuka akalitazama benchi, na benchi likainamisha macho. "Siku nyingine tutakuja wote. Utaona mwenyewe."

Akanirudishia simu kwa mikono miwili na kuniambia ahsante, shemeji. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka moto, na benchi zima likaniona.