Vifuniko Viwili

Fundi wa maabara aliikodolea macho skrini mpaka yakamwasha. Matokeo ya wagonjwa kumi yalikuwa yamekaa sawasawa. Ya wa kumi na moja yalikuwa kinyume, naye alikuwa mama yake mzazi.

Hebu tuelewane kwanza. Kirusi kikimwingia mtu, seli za kinga hupigana, na vita vikiisha nyingi hufa. Chache hubaki, zikatulia. Juu ya vinasaba vyake hubaki alama za kikemia zinazoziacha jeni za vita wazi kidogo, ili adui akirudi seli zisianze kujifunza upya. Maabara ilitaka kuonyesha kwamba alama hizo hudumu mwaka mzima, kwa hiyo kila mgonjwa alitoa damu siku ya kumi, kisha akatoa tena baada ya mwaka. Kwa mama, seli za siku ya kumi zilikuwa zimetulia tuli, na za mwaka ndizo zilizokuwa vitani.

"Umechanganya vifuniko," alisema daktari mkuu, hata kukaa hakukaa.

Fundi alijua huenda ni kweli. Pale waliandika kwenye kifuniko tu, maana kichupa cha seli kikitoka kwenye baridi kali hutoka jasho ubavuni na wino hufutika. Sheria ilikuwa kufungua kimoja kimoja. Mwezi uliopita, kwa haraka zake, alifungua viwili vya mama kwa mpigo ili achote seli za kupima, na simu ikaita. Alikuwa dada yake: "Mama hatunaye tena." Alirudi mezani akavifunika, na Mungu ndiye anayejua alifunika kipi kwa kipi.

"Basi vigeuze," daktari alisema. "Seli zenyewe zimeshakwambia kipi ni cha lini."

Fundi alishika kipanya. Jamani, urahisi gani huo! Abofye mara mbili, na mama aingie kwenye hesabu, yule mama aliyepanda ghorofa tatu na goti lake bovu kuja kutoa damu, akimtania nesi kwamba wamemfanya kisima. Alitamani kubofya. Alitamani sana.

"Tukivipanga kwa jibu tunalolitafuta, Daktari, tutakuwa tumethibitisha nini?"

"Wakibaki kumi, jopo la wahakiki litasema hawatoshi. Tutaanza upya, miaka miwili. Na wewe utaeleza ulichofanya."

"Nitaeleza. Lakini je, kama sikuvichanganya? Kama mwili wa mama ndio uliokuwa hivyo?"

Daktari alivuta kiti, akakaa.

"Mwanangu, damu nyingine ya mama yako hatuna."

"Najua."

Fundi aliandika kwenye daftari kwamba alifungua viwili, akatia sahihi. Utaratibu ulikuwa wazi: kichupa kisichojulikana ni cha lini humwagwa. Akavitoa vichupa kwenye baridi, akavishika kiganjani mpaka barafu ikayeyuka. Mama alikuwa amezikwa mwezi mzima, lakini humo seli zake zilikuwa hai bado, milioni na zaidi, hazina habari na msiba.

"Nisamehe, mama," alisema, akavimimina vyote viwili kwenye dawa ya klorini.

Msibani hakutoa hata chozi, watu wakamsema ana roho ngumu. Sasa aliishika sinki kwa mikono miwili akalia kwa sauti, na daktari akaenda kuufunga mlango.