Ngazi za Bi Mize

Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Bi Mize aliteremshwa kutoka ghorofa ya sita akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni. Kiti kilikuwa na mikono, na walimfunga kiunoni kwa kanga asiteleze. Mwanawe Sabri alishika miguu ya mbele. Mutai, jirani anayehudumia wazee kwenye nyumba ya wazee na anayejua kubeba mtu bila kumuumiza, alishika nyuma. Jirani mwingine, Aketch, alitangulia na mkoba wa dawa akifungua milango. Figo za Bi Mize zilikuwa zimestaafu kabla yake. Saa moja kamili alitakiwa awe amefika kule wanakomsafisha damu, na huko hawamsubiri mtu.

Lifti ilikuwepo. Ilikuwa na mlango wa kijivu, na juu ya mlango karatasi iliyosema imeharibika, iliyobandikwa mwezi wa saba wa mwaka uliopita. Wiki ile ya kwanza Bi Mize alikosa kwenda mara mbili, akavimba mpaka kope, akalazwa siku nne. Toka hapo hapakuwa na mjadala. Kiti kilitolewa jikoni, na hakikurudi tena mezani.

Ngazi zilikuwa tisini na sita. Bi Mize alizijua kwa tasbihi yake aliyokuja nayo Marekani kutoka Unguja. Kila ngazi ushanga mmoja, na kila ushanga "Alhamdulillahi." Tasbihi ina shanga tisini na tisa, kwa hiyo wakifika chini zilibaki tatu, na hizo aliwagawia wabebaji, mmoja kwa mmoja, kwa majina yao. Mutai na Aketch ni watu wa kanisa, lakini waliipokea sehemu yao bila ubishi.

Mwezi wa tisa diwani wa eneo lile alikuja. Alisimama mbele ya mlango wa kijivu, akatangaza kwamba lifti inatengenezwa, na watu wake wakapiga makofi. Jioni televisheni ikasema lifti imetengenezwa. Kesho yake gazeti likaandika kwamba, kwa mujibu wa televisheni, lifti imetengenezwa. Sabri alipopiga simu ofisini kwa diwani kusema kwamba haijatengenezwa, walimsomea gazeti.

"Dada, mimi nimesimama mbele yake hapa," Sabri alisema.

Dada wa simu alimjibu kwa upole kwamba kwenye kumbukumbu zao suala hilo limefungwa.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili walifika chini, na mkononi mwa Bi Mize zikabaki shanga saba.

"Mmeruka ngazi nyie," alisema.

"Hatujaruka, Bi Mize," Mutai alisema akihema. "Hata mimi nime-count. Tisini na mbili."

"Basi zimepungua."

"Zimepungua."

Wakampakia kwenye gari la Sabri, maana walikuwa wamechelewa.

Ziliendelea kupungua bila haraka, mbili leo, tatu keshokutwa. Kufika mwezi wa tano zilikuwa kumi na nne. Ghorofa ya sita haikusogea. Dirishani kwa Bi Mize uliendelea kuona paa za Takoma Park, vilele vya miti, na treni ikipita huko chini. Ila ukitoka mlangoni umembeba, unapiga ngazi kumi na nne, unatokea kwenye masanduku ya barua. Ukimrudisha, ni kumi na nne vilevile.

"Wacha zipungue," Aketch alisema. "Hii mgongo yangu haitaandika barua ya malalamiko."

Mutai ndiye aliyegundua sharti lake. Siku moja alirudi kazini mikono mitupu, akapanda zote tisini na sita. Siku ya pili alimbebea mama mmoja kifuko cha viazi, zikawa kumi na nne. Akajaribu na viazi vyake mwenyewe, zikarudi tisini na sita. Ngazi zilimhurumia aliyebeba cha mwenzake, basi. Habari ikaenea ghorofa ya sita kwa siku moja, na tabia za watu zikabadilika kama maziwa yanavyobadilika ukitia ndimu. Mtu alisimama kwenye masanduku ya barua akingoja mwenzake aje, wabadilishane mifuko, ndipo wapande.

Ndirangu, mlinzi wa ofisi moja mjini, alikuwa ameishi pale miaka minne bila kumsalimia mtu, na wengi walidhani hajui Kiswahili. Sasa alikuwa mlangoni kila jioni. "Kuna kitu ya kubebewa?" aliuliza kila aliyeingia. Ikawa desturi, na Ndirangu akaishika kuliko wote. Aliyeingia mikono mitupu hakumwacha apande hivyo. Alimtafutia cha kubeba. Bi Mize alimwongezea ushanga. Sasa zilibaki shanga themanini na tano kila safari, na alikuwa na nafasi ya kuwashukuru watu ambao zamani hawakumfikia.

Lakini kumi na nne si lifti. Sabri hakuacha kulisema hilo. Siku Mutai alipougua mafua, Bi Mize alichelewa nusu saa, wakakata muda wake wa kusafishwa, na usiku kucha hakupumua vizuri. Sabri alikaa kando ya kitanda akizihesabu pumzi za mama yake. Asubuhi aliwapigia simu watu wa televisheni, akawapigia tena, mpaka wakakubali kuja.

Majirani walikutana kwa Aketch, wakanywa chai, wakakubaliana swali moja tu. Aketch aliliandika nyuma ya bahasha ya sadaka: Nani alisema lifti imetengenezwa, na aliiona lini? Wakampa Bi Mize aliulize, kwa kuwa yeye ndiye anayebebwa.

Mwandishi wa habari aliitwa Ethan, na alikuja na mpiga picha. Diwani naye alikuja, pamoja na msaidizi wake. Ndirangu aliwasubiri mlangoni na mifuko mitatu. Alitaka kumpa diwani mmoja, msaidizi akamzuia, akasema sheria ya maadili haimruhusu mheshimiwa kupokea kitu kwa mwananchi. Ethan naye alikataa wake. Alisema mwandishi hatakiwi kujiingiza ndani ya habari. Mpiga picha alichukua mfuko wa vitunguu bila kuuliza, akafika juu kwa ngazi kumi na nne, akanyweshwa maji. Ethan alifika muda mrefu baadaye, shati limemganda. Diwani aliishia ghorofa ya tatu, simu yake ikaita, akateremka.

"Bi Mize, unajisikiaje?" Ethan aliuliza, na Sabri akatafsiri.

Bi Mize alikuwa na bahasha mapajani. Lakini hakuzaliwa na watu wanaompokea mgeni kwa shida zao. Kwao hata ukienda kudai punda wako aliyeibwa, unaanza kwa kuuliza hali za watoto.

"Kwanza namshukuru Mungu aliyeniamsha," alisema. "Nakushukuruni nyinyi kwa kupanda mpaka kwangu. Naishukuru nchi hii, miaka mitatu inanisafisha damu na haijaniuliza baba yangu nani. Namshukuru Mutai, namshukuru Aketch, namshukuru Ndirangu. Mwanangu huyu sina la kumlipa. Na ngazi nazishukuru, zimenihurumia."

Alikuwa akisema kweli, neno kwa neno. Iliendelea hivyo dakika kumi na moja. Kisha akaivaa miwani, akaifunua bahasha, akalisoma swali. Sabri alilitafsiri mara mbili.

"Hilo ni swali zuri," Ethan alisema. Chini, kwenye masanduku ya barua, alimfikishia diwani, naye diwani akasema ni swali zuri sana, akawashukuru wananchi kwa kuuliza.

Saa kumi na mbili jioni walijaa wote sebuleni kwa Bi Mize. Habari ilichukua sekunde hamsini. Bi Mize alionekana akisema anaishukuru nchi hii na anazishukuru ngazi, na maneno yake yakatafsiriwa kwa ufasaha chini ya picha. Ethan akasema lifti ilitengenezwa mwaka jana, ila majirani hawa wamechagua kubebana, na huenda sote tuna la kujifunza. Kisha ikaja hali ya hewa.

"Wamekata swali," Aketch alisema. "Swali yote. Hata bahasha haionekani."

"Next time anza na swali, mama," Mutai alisema. "Shukrani zikuje nyuma."

"Sitaweza, mwanangu. Mtu amekuja kwangu."

Sabri aliizima televisheni, akatoka nje, akasimama kwenye korido ameegemea ukuta. Alikuwa na hasira ambayo hakuwa na pa kuipeleka. Watu wa hapa wanasema wenye madaraka wanawajibika kwa wananchi, na kweli, kila mmoja alikuwa amewajibu.

Simu zake, hata hivyo, zilizaa kitu kimoja. Wiki tatu baadaye mkaguzi wa majengo alikuja, mtu wa makamo, mpole, ana kalamu na ubao wa kuandikia. Hakuna aliyekuwa na taarifa kwamba angekuja siku ile. Ndirangu alimkuta mlangoni mikono mitupu, akamwonea huruma, na kwa desturi ya jengo akampa kifurushi cha dawa za Bi Mize kilichokuwa kimeletwa na posta.

"Mpelekee mama wa sita," alimwambia. "Utaona ni karibu."

Mkaguzi alikipeleka. Alihesabu ngazi kwenda, na kwa kuwa Bi Mize alimpa sahani ya kaimati ampelekee Ndirangu, alizihesabu na kurudi. Barua ilikuja kabla ya wiki kwisha. Ilisema jengo lenye ngazi kumi na nne halilazimiki kuwa na lifti. Mafundi wakaja, wakaupigilia mlango wa kijivu ubao, wakaupaka rangi ya ukuta. Kazi ile waliifanya vizuri na kwa muda uliopangwa.

Ndirangu alikuja kwa Bi Mize amevua kofia.

"Ni mimi nimekuharibia," alisema. "Ningemwacha apande hizo zote angejionea."

"Ungemwacha vipi, na wewe ulikuwepo?" Bi Mize alisema. "Kunywa chai."

Alhamisi, saa kumi na mbili na robo, walimfunga kanga, wakamteremsha. Ngazi zilikuwa kumi na nne. Walipita penye ubao, na hakuna aliyeutazama isipokuwa Sabri. Garini Bi Mize aliendelea na shanga zilizobaki. Alimshukuru Mutai, Aketch na Ndirangu. Alimshukuru mpiga picha aliyebeba vitunguu, na mkaguzi aliyemletea dawa kwa mkono wake. Alimshukuru Ethan kwa kupanda zote tisini na sita. Aliwashukuru mafundi wa rangi. Alikuwa amejaa shukrani, na hakuna hata moja aliyoitoa kwa kulazimika.

Ulibaki ushanga mmoja. Aliushika kati ya vidole viwili, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Nani alisema, na aliiona lini?"

Alisubiri mpaka taa za barabarani zikawa za kijani. Kisha akauachia ushanga bila kuuhesabu, na Sabri akakata kona ya hospitali. Walikuwa na dakika tano mkononi.