Mtu Mweupe wa Kwandege

Filomena alikuwa uani akichambua mchicha pale mbega, kima wale wa msituni, walipoingia. Waliingia kwa mlango wa ua, mmoja nyuma ya mwenzake, manyoya meupe yakiwa yamelala mabegani mwao, wakapita kando ya mafiga bila kugusa sufuria, wakaketi kwenye kivuli cha ukuta. Hawakucheza wala hawakugombana. Mkubwa wao alishika tama. Filomena aliwatazama, akaenda kuwatilia maji kwenye karai, akarudi kwenye mchicha wake.

Nyumba yao ilikuwa Temeke, upande ambao watu wa kusini walikuwa wakijenga miaka ile baada ya Vita Kuu ya Pili, Wakristo na Waislamu ukuta kwa ukuta. Mumewe, Polikarpo, alikuwa askari wa msitu. Serikali ilikuwa imeuwekea mipaka msitu wa Kwandege, huko vilimani, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Ikamvika Polikarpo kaptura na kofia ya kaki, ikamwambia asimruhusu mtu yeyote kukata mti humo, wala kutega paa, wala kuchimba. Yeye alizaliwa Newala, kwenye uwanda wa juu ambako maji hufuatwa bondeni. Msitu ule, ambao majani yake yalidondosha maji hata siku isiyo na mvua, aliupenda kama mtu anavyopenda ukweni alikopokewa vizuri. Alilala huko juma zima na kurudi Temeke kila Jumamosi.

Jirani yao Mauwa, mwenyeji wa Kilwa, alikuja kuazima ungo, akawakuta mbega wamekaa vilevile. Alivua ndara mlangoni.

"Filomena, hawa umewapa chakula?"

"Nimewapa ndizi. Hawajagusa."

Mauwa alikaa chini taratibu, akajifunika kanga kichwani. "Mwenzangu, hawa hawakuja kula. Wamekuja kukaa tanga."

"Tanga la nani? Hapa hajafa mtu. Polikarpo anakuja Jumamosi."

"Na aje," alisema Mauwa. "Mie nitakaa nao mpaka aje."

Kesho yake ndege hondohondo walitua juu ya makuti ya nyumba, wakanyamaza. Paa wadogo waliingia na kusimama karibu na mtungi. Chui mmoja alifika adhuhuri, akalala nje ya ua, kidevu juu ya miguu yake ya mbele, na mbuzi wa jirani wakampita wakienda malishoni. Watu wa mtaani waliona wageni wamekuwa wengi, wakaleta majamvi, kuni na kahawa. Wanaume walikaa nje, wanawake ndani, na mbega majike walikaa na wanawake.

Ni Filomena peke yake aliyeendelea na kazi zake. Ijumaa alifua kaptura ya akiba ya mumewe. Jumamosi alipika wali wa nazi na kisamvu, akaepua, akafunika, akakaa kizingitini kutazama njia. Jua lilizama. Jumapili asubuhi alifunua sufuria, akautazama ule wali, kisha akaenda kukaa kwenye jamvi baina ya Mauwa na yule mbega mkubwa, akaanza kulia. Ndipo wanawake wote walipopaza sauti, kwa kuwa walikuwa wakimngoja yeye.

Fransis, mdogo wake Polikarpo, alikuwa mchonga mpingo, mtu wa maneno machache. Jumatatu alimwambia, "Shemeji, msiba bila maiti siuwezi. Twende ofisini wakatuambie yuko wapi."

Mbega wawili waliwafuata mpaka mjini, wakakaa kwenye benchi la kungojea, lile la Waafrika. Karani wa ofisi ya misitu alikuwa Kamugisha, Mhaya aliyesoma misheni, mwenye sauti ya chini. Alimfahamu Polikarpo vizuri, walizoea kunywa chai pamoja nyuma ya ofisi.

"Karibuni, mama. Na hao?"

"Wa msiba," alisema Filomena.

Kamugisha aliinuka kidogo kwenye kiti chake. "Poleni sana," aliwaambia wote, na mbega nao.

Aliwaeleza yale aliyoyajua. Polikarpo alikuwa amefika ofisini kutoa habari kwamba malori yameanza kuingia Kwandege, yanachimba udongo mweupe ambao watu wa mjini walitengenezea rangi na vyombo, na kwamba miti imelazwa ili njia ipite. Alisimama mbele ya Bwana Misitu, Mzungu mkuu wa ofisi, akasema hayo yote. Bwana Misitu akamwambia arudi akalinde. Alikwenda, akaja tena na habari ileile, akajibiwa vilevile. Sasa Bwana alikuwa amekwisha kusema kwamba askari huyo ametoroka kazini.

"Atoroke aende wapi?" aliuliza Fransis. "Mkewe si huyu hapa?"

"Mie nakueleza alivyosema Bwana."

Filomena aliwaonyesha mbega kwa kidole. "Hawa wametoka huko. Wameona."

"Nawaamini, mama," alisema Kamugisha. "Lakini shahidi sharti ale kiapo, na hawa hawana dini inayojulikana."

Basi walikwenda wenyewe. Waliondoka Temeke alfajiri, Filomena, Fransis na wale wanyama wote, chui akiwa mbele. Jua lilipokuwa la utosi walifika mahali ambapo zamani kivuli cha msitu kilianzia. Kivuli hakikuwapo. Palikuwa na njia ya malori, visiki ambavyo utomvu wake ulikuwa haujakauka, na mashimo meupe yaliyokaa wazi kama vinywa. Paa walisita kwenye ukingo wa njia, wakanusa, wakaendelea.

Wachimbaji walikuwa kazini na sururu na mabeleshi. Nyapara wao, Gaspar, alikuwa na watu wa marungu na bunduki za gobori. Hao walipomwona chui walisogea pembeni kumpisha, kama mtu anavyopisha jeneza.

Mchimbaji mmoja, Mzaramo aitwaye Hija, alitua sururu yake.

"Wewe ndiye mke wa askari?"

"Ndiye mie."

"Mumeo alinitoa hapa," alisema Hija. "Babu yangu kazikwa pale, kwenye ule mkwaju. Serikali ilipoweka mawe ya mpaka, mumeo ndiye aliyevunja kibanda changu, kwa mikono yake. Nilimchukia sana, sikufichi. Malori yalipokuja, nikaja kuchimba, maana shamba sina tena. Akatokea yeye, akawaambia wenye malori neno lilelile aliloniambia mie, kwa sauti ileile. 'Hapa hapachimbwi.' Nikasema, kumbe mtu huyu hakuwa na ugomvi na mie. Aliamini tu alichoambiwa."

"Yuko wapi, kaka yangu?"

Hija alielekeza shimo kubwa kuliko yote, ambalo upande wake mmoja ulikuwa umeporomoka. "Alishuka mle akakaa chini. Alisema watachimba akishatoka, na yeye hatoki. Nyapara akaamuru watu wake wauangushe ukingo, kumtisha. Ukaanguka wote."

Filomena alishuka shimoni, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono. Mbega walishuka nyuma yake. Fransis alishuka, kisha Hija na beleshi lake, kisha wachimbaji wengine, kila mmoja kwa wakati wake. Gaspar alipiga kelele kwamba udongo ule una mwenyewe. Alipoona hakuna anayegeuka, alikaa kwenye ngazi ya lori, akawapa kisogo.

Walimkuta ameketi, mikono magotini, kofia kichwani. Alikuwa mweupe kote. Filomena alimfuta uso kwa ncha ya kanga, na weupe haukutoka. Akamwambia, "Nilikungoja Jumamosi," akamfunga kidevu.

Walimbeba kwa machela, Hija mbele na Fransis nyuma, wakafika Temeke usiku. Wanaume walimwosha uani. Walimwosha kwa maji matupu, kwa sabuni, kwa makumbi ya nazi, kwa majivu. Maji yalimteremka yakiwa safi kama yalivyotoka kisimani. Weupe ulikuwa umeingia mpaka chini ya kucha na ndani ya masikio. Mauwa aliingiza kichwa, akasema, "Mwacheni jamani. Azikwe hivyohivyo. Mungu anamjua."

Lakini mtu aliyeuawa hazikwi kimyakimya, na Fransis alitaka haki ya kaka yake. Alfajiri alikwenda bomani kutoa habari. Asubuhi alikuja Bwana Misitu mwenyewe, pamoja na ofisa wa polisi, Mzungu mwenzake, na Kamugisha wa kutafsiri. Walivua kofia kwa ajili ya msiba, wakaingia uani. Bwana Misitu aliitazama maiti kwa muda mrefu. Kama maiti ile ilikuwa ya Polikarpo, basi palikuwa na shimo la kuelezwa, na njia ya malori, na habari zilizoletwa mezani kwake zikaachwa. Alinong'ona na ofisa wa polisi.

Kamugisha alitafsiri. "Bwana anasema huyu ni Mzungu."

Hakuna aliyecheka uani pale. Filomena alisogea, akaweka vidole kwenye chale za mumewe, zile alizochanjwa usoni jandoni, mistari ya kwao iliyoshuka kutoka kwenye paji mpaka mashavuni.

"Mwambie azitazame. Mwambie ni Mzungu gani mwenye nembo za Kimakonde."

Kamugisha alimwambia. Bwana Misitu alijibu kwa upole.

"Anasema wasafiri wengine huchanjwa huko wanakopita."

"Wewe unamjua! Umekunywa naye chai!"

Kamugisha aliangalia chini. "Mama," alisema, "mie natafsiri tu."

Ofisa wa polisi alieleza kwamba maiti ya Mzungu haiwezi kulala Temeke, na kwamba itazikwa siku hiyohiyo kwa heshima zote mahali pa Wazungu, akiwa msafiri asiyejulikana aliyeanguka shimoni. Kuhusu askari Polikarpo, bado anatafutwa kwa kosa la kutoroka, na mkewe akipata habari zake azipeleke bomani. Fransis alijitupa juu ya machela, akaishika. Askari wawili walimbandua vidole kimoja kimoja, bila kumuumiza, wakimwita ndugu.

Jeneza lilikuwa la mninga, lenye vishikio vya shaba. Padri alisoma sala zote. Filomena, Fransis, Mauwa na Hija waliambiwa wasimame nje ya ua wa makaburi, kwa kuwa hapakuwa mahali pao. Kuhusu mbega na paa hapakuwa na kanuni yoyote, kwa hiyo waliingia, wakasimama kuzunguka kaburi, na chui akasimama upande wa miguuni. Filomena aliona migongo yao tu. Alijua kaburi limekwisha kufukiwa pale mbega mkubwa alipoinama.

Hija alikwenda bomani kusema alichokiona shimoni. Walimsikiliza mpaka mwisho, kisha wakamfunga kwa kuwa alikiri kuchimba ndani ya msitu wa Serikali. Mwaka ule haujaisha, mawe ya mpaka yaling'olewa yakasogezwa ng'ambo ya mto. Uchimbaji haramu ukakoma Kwandege, kwa maana penye mashimo hapakuwa tena msitu wa Serikali, na malori yakapita mchana kweupe. Wale wanyama hawakuwa na pa kurudi. Walibaki Temeke, wakazoea, na watu wakawazoea. Hondohondo walikufa kwanza.

Filomena hakupewa barua ya rambirambi, kwa kuwa hakuwa mjane. Alikuwa mke wa mtoro. Kanisani walipotaja majina ya marehemu, jina la Polikarpo halikutajwa, na yeye alilisema mwenyewe kwa sauti, padri akingoja amalize.

Siku ya kuwakumbuka wafu alikwenda mjini kwa miguu, akasimama nje ya ua wa makaburi. Mlinzi wa geti, mzee wa Kimatumbi, alimruhusu kusimama ilimradi asishike wavu. Ndani, mwanamke wa Kizungu, kijana bado, alipita kwenye makaburi akiweka maua. Alifika kwenye lile lisilo na jina, akapiga magoti, akang'oa magugu kwa mikono yake, akaweka maua mengi kuliko aliyoweka kwingine. Macho yake yalikuwa mekundu alipotoka.

"Shikamoo, baba," Filomena alimwambia mlinzi. "Yule ana undugu gani na mtu yule?"

"Marahaba, mwanangu. Hana. Huja kila mara. Anasema anamwonea huruma, kufa mbali na kwao, bila mke, bila mtu wa kumlilia."

Yule mwanamke alikuwa akipanda gari lake, akikung'uta udongo kwenye magoti.

"Akija tena," alisema Filomena, "mwambie ahsante."