Robo Dola Juu ya Kaburi la Garrett

Mwanangu Garrett aliuawa vitani jangwani. Jeshi likaniletea jeneza na bendera iliyokunjwa vizuri, lakini halikuniambia alikuwa na nani alipokata roho. Hilo tu ndilo nililotaka kujua. Tangu hapo nikawa namsikia akiniita kutoka chumbani kwake, mchana kweupe, kwa sauti ya mtu aliyekwishakata tamaa ya kusikiwa. Nikifungua mlango, nakuta kitanda kimetandikwa.

Kisha Jumamosi moja nikakuta robo dola juu ya jiwe la kaburi lake.

Huku kwetu wanajeshi huwaachia wenzao sarafu makaburini, na kila sarafu ina neno lake. Senti moja: nilipita kukusalimu. Senti tano: tulifunzwa kambi moja. Senti kumi: tulikuwa kikosi kimoja. Robo dola haiwekwi ila na mtu aliyekuwa nawe ulipokufa.

Nilipiga magoti kwenye nyasi nikalia. Nyumbani sauti ilikoma. Nikawa nashinda makaburini na chupa ya kahawa, namvizia huyo mtu. Nilitaka kumuuliza kama Garrett aliumia sana, kama alinitaja. Mkata nyasi aliniona mwehu, na mimi sikujali. Yeye hana mtu wake aliyezikwa pale.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na Tessa, binti wa Garrett, aliye darasa la pili. Alilikimbilia jiwe.

"Bado ipo, bibi! Nilidhani wataiiba."

"Kwani uliiona lini?"

"Si niliiweka mimi, siku niliyokuja na mama. Palikuwa na sarafu mbili za senti kumi, pamoja na ya senti tano. Mwalimu anasema senti kumi ni sehemu ya kumi ya dola, senti tano ni sehemu ya ishirini. Ukizijumlisha zote unapata robo. Nikabadilisha, ili baba awe na moja kubwa."

Akafungua kipochi chake. Zote tatu zilikuwemo.

Hasira ilinipanda. Nilitaka kumzaba kofi, Mungu anisamehe.

"Nimekosea hesabu?" akauliza.

"Hujakosea, kipenzi. Hesabu yako ni sahihi."

Nikaichukua robo dola nikampa, nikazirudisha zile tatu mahali pake. Wawili wa kikosi chake walikuja, na mmoja wa kambini. Nawashukuru, lakini hawakuwepo. Nikamweleza Tessa kila sarafu inasema nini, maana baba ni wake pia. Alisikiliza, robo dola kiganjani.

"Sasa nani alikuwa na baba alipokufa?"

"Hakuna," nikasema. "Au yupo, na hataki kuja."

Akaniuliza lipi ni baya zaidi. Nimekaa nalo swali hilo mpaka leo.