Ua la Tatu

Kiharusi kilimwachia bibi neno moja tu, na neno lenyewe ni "ua".

Mimi nauza maua, tena si kwa kubahatisha. Nina kibanda karibu na lango la hospitali, na mtu akinieleza shida yake najua cha kumfungia: waridi jekundu la mwenye mapenzi, jeupe la mfiwa, la manjano la aliyegombana na mkewe na hajui aanzie wapi. Kwa hiyo bibi aliponikazia macho na kusema "Ua", nilivimba kichwa. Nilijua ananiita mimi, mjukuu wake, kazini.

Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alielewa vingine. Mara ya kwanza kulisikia neno lile, bibi akiwa amesharudishwa nyumbani, alivua kandambili na kuanza kumsaka mende chini ya kitanda. Alijitetea kwamba mama yake kasema ua, naye anaua. Tulicheka mpaka bibi akageukia ukutani, na hapo kicheko kikatukauka.

Nikampelekea waridi, akalisukuma. Nikampelekea yungiyungi, akalisukuma. Asumini, alizeti, hata ya plastiki nilijishusha hadhi nikaleta. Siku ya tano akaanza kutema uji. Daktari alituambia wazi kwamba mgonjwa wa namna hii akikata tamaa, dawa hazina la kufanya. Mama, ambaye ndiye kitinda mimba wa bibi, alikaa na bakuli mapajani akilia kimya kimya. Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia bibi, Mungu anisamehe, kana kwamba ni mteja msumbufu.

Mjomba naye alikuwa na mradi wake. Yeye ni kifungua mimba, na hilo atakuambia kabla hajakuambia jina. Kifungua mimba hukalia kiti chenye mikono, hukata shauri, na shikamoo huzipokea tu, hazitoi. Alikuwa ameamua nyuma ya nyumba kumwagwe zege ili kiti cha magurudumu cha bibi kipite vizuri. Nia yake ilikuwa njema kabisa.

Alhamisi asubuhi fundi akaja na mifuko ya saruji. Jembe lilipogonga ardhi nje ya dirisha, bibi akasema, "Ua." Likagonga tena, naye akasema tena. Nilikuwa nimesimama pale na asumini zangu mkononi, nimechoka, fundi alipochungulia dirishani.

"Dada, ua huu tunauchimba wote, au tunaacha ile kona ya tangi?"

Ua huu. Hakusema ua hili. Bibi hakuwa akisema ua langu, alikuwa akisema ua wangu, na ulimi wake haukuweza kuongeza kile kineno kidogo ambacho kingetuelewesha. Siku zote hizo nilikuwa nikimlazimisha maana yangu mwenyewe, muuza maua mjuaji.

"Bibi," nikamwuliza, "unasema ua wako? Huku nyuma?"

Alishusha pumzi ndefu. Kisha akafungua kinywa, si kwa kusema, akasubiri kijiko. Mama alimlisha uji wote.

Mjomba alikuja juu. Alisema mgonjwa hajui asemalo, na kwamba saruji haingoji mtu. Lakini bakuli tupu lilikuwa pale mbele yake, hakuwa na pa kulipitia. Akatupa siku kumi. Tulimbeba bibi na kiti chake tukamweka mlangoni, naye akatazama kipande cha udongo mkavu chini ya ukuta, kuanzia mlango wa jiko hadi kwenye tangi. Hapakuwa na kitu. Mchana ule ikanyesha mvua, ya kwanza baada ya miezi mingi.

Siku ya tisa asubuhi mama aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Udongo ulikuwa umepasuka. Mashina manene yalikuwa yametoka kwa mstari, bila jani hata moja, na juu ya kila shina duara jekundu la nyuzi nyembamba, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Mimi niliyekulia mji mwingine sikuwahi kuyaona, wala jina lake sikulijua. Nilivua viatu bila kuambiwa na mtu.

Mama na mjomba waliyajua. Utotoni walikuwa wakiyaruka kila mvua inapoanza, wakiyaita magugu. Mjomba akakumbuka kwamba kila walipopata mtoto mchanga nyumbani, baba yao alikuwa akitoka huku nyuma na jembe dogo. Alidhani mzee anakimbia kelele. Akaanza kuyahesabu, akacheka kidogo, akahesabu tena kuanzia upande wa pili. Wao walizaliwa saba. Maua yalikuwa tisa.

Bibi akainua mkono wake mzima. Akaonyesha la mwisho kule kwenye tangi, kisha akamwonyesha mama. Akasogeza kidole.

"Huyo mwalimu," mama akasema taratibu, na bibi akaitikia kwa kichwa.

Wakarudi nyuma hivyo, mmoja mmoja: mapacha, mshonaji, dereva. La saba alipolifikia alimtazama mjomba. Lilikuwa la tatu kutoka mlango wa jiko. Mkono haukushuka. Ukayaendea yale mawili ya mwanzo, ukakaa hapo, kisha ukarudi taratibu na kutulia tumboni mwake.

Nilihisi kuogopa na kufurahi kwa pamoja, sijui niseme vipi. Miaka yote hiyo watoto wawili waliomtangulia mjomba walikuwa wakiamka chini ya kamba yetu ya nguo, na ni bibi peke yake aliyekuwa akiwahesabu.

Mjomba alimwashiria fundi aondoe saruji. Kisha akavua kofia, akapiga goti kwenye matope mbele ya yale maua mawili, na mvi zake zote.

"Shikamooni," akasema.

Na nyuma yetu, kwenye kiti, kwa sauti iliyo wazi kabisa, bibi akaitikia kwa niaba yao.

"Marahaba."