Majina Aliyoyatoa Bonifasi

Bonifasi ndiye aliyewaonyesha wageni mahali pale. Hilo halikuwa na ubishi kijijini, na mwenyewe hakulikana.

Miaka sita iliyopita Yasmin, mhadhiri kutoka Morogoro mjini, alipanda mlima akitafuta mtu anayejua mimea. Wakamwelekeza kwa Bonifasi. Akampeleka msituni juu ya kijiji, mahali pasipo na mto wala kisima, ila maji huvuja yenyewe kwenye mizizi ya miti na udongo mweusi huwa teketeke mwaka mzima. Yasmin alichovya kipande cha karatasi, kikageuka chekundu. Akaeleza kwamba maji yale yana uchachu, ndiyo maana mimea yake haifanani na ya kwingine. Bonifasi akacheka. Mama yake alimwambia hivyo hivyo angali mtoto, bila karatasi yoyote.

Siku nne alimtajia kila kitu kwa Kiluguru: makangaga ya aina tisa, ndago zinazokata vidole, vijimea laini vinavyonyonya maji kama pamba, ua dogo la zambarau ambalo huota pale tu. Kipi ni dawa ya tumbo, kipi hakiguswi.

Mwaka wa pili wake wakaja watu na bikoni, nguzo za kuwekea mipaka. Walisema mahali pale ni adimu, lazima palindwe, pamoja na mteremko ulio chini yake. Kwenye mteremko huo kulikuwa na shamba la magimbi la ukoo wa mama yake Bonifasi. Lilishuka kutoka kwa bibi hadi kwa mama, kwa dada yake marehemu, mpaka kwa Furaha, binti wa dada huyo. Na kwa Waluguru, mjomba ndiye mlinzi wa ardhi ya wapwa zake. Bonifasi alikwenda ofisini mara tatu. Mara ya tatu hakupewa hata kiti.

Furaha alirudi kuchimba magimbi yake yaliyokomaa. Akakamatwa, akakaa mahabusu siku mbili. Alipotoka, alifunga mizigo.

"Mjomba, ungenyamaza, nani angepajua kule?" aliuliza huku akikaza kamba ya kiroba.

"Walinijia kwa heshima, mwanangu."

"Na mimi je, nimetolewa kwa heshima?"

Sasa amepanga chumba Mafiga, huko Morogoro mjini, anauza mihogo ya kukaanga. Simu ya mjomba wake hapokei.

Masika ya mwaka huu Yasmin akarudi, akiomba apelekwe tena msituni.

"Shikamoo, mzee Bonifasi."

"Marahaba."

"Nilisikia habari za shamba. Iliniuma sana. Mimi niliandika mimea tu, mzee, mipaka waliiweka wengine."

Bonifasi alichukua panga lake, akatangulia. Alikuwa amekwisha kuamua la kufanya.

Walipofika kwenye tope, Yasmin aliinama akagusa kangaga. "Hili mlikuwa mnaliitaje?"

"Sijui."

"Na hizi ndago?"

"Sijui."

Aliulizwa mara kumi na moja, akajibu sijui mara kumi na moja. Kila jibu lilimwachia utamu kidogo mdomoni, utamu wa kwanza tangu Furaha aondoke. Alingoja mwanamke yule akasirike, au angalau aelewe.

Yasmin akamtazama kwa huruma. "Usijali, mzee. Umri nao unakwenda. Yote uliyonitajia ninayo."

Akatoa simu, akabonyeza. Sauti ya Bonifasi ikatoka, changa kwa miaka sita, yenye kicheko, ikitaja jina moja baada ya jingine. Yasmin alikuwa akisikiliza, akiangalia mmea, akiweka alama kwenye daftari. Bonifasi alisimama, tope likimfika vifundoni, akijisikiliza anavyotoa majina, na kutoa tena, bila kuombwa mara mbili.

Sauti ilipokwisha, Yasmin alikunjua utepe wa kupimia.

"Nishikie huku, mzee."

Akaushika. Walipima mpaka saa tisa, mvua ilipowafukuza.